Pengo la Kidole Kimoja

Harufu ya silikoni mbichi inafanana na siki iliyosahauliwa ndani ya bakuli la kachumbari. Juzi kijana mmoja alikuja kunifungia rafu katika nyumba niliyohamia hapa Mankhool, Dubai, na alipoukata ncha mrija wake kwa wembe, harufu ile ilinifuata hadi jikoni nilikokuwa naosha vikombe. Nilitoka mbio na mikono inachuruzika. Nilimkuta ameshainama, tayari kuliziba pengo kati ya rafu na ukuta. Nilimwambia asiliguse, na nadhani nilisema kwa ukali, maana alinyanyuka na kunieleza taratibu, jinsi watu wanavyomweleza mgonjwa, kwamba ukuta wangu umekaa upogo na ubao wangu umenyooka, ndiyo sababu pamebaki nafasi ya kidole, na silikoni kidogo ingemaliza mambo, khalas. Nikamjibu kwamba hayo nayajua. Ubao ule niliunyoosha mimi mwenyewe nikiwa na miaka tisa, nao haukutakiwa kunyooshwa. Alicheka akidhani namtania.

Basi nimekaa na hadithi hii tangu juzi, na naona bora niwaeleze nyinyi rika langu, mliokulia kama mimi katika nyumba ambazo hata msumari hupigi mpaka uulize.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka mitano. Mama akaja Dubai kufanya kazi ya udobi hotelini, mimi nikabaki Mombasa kwa shangazi, dada yake baba. Miaka ikapita, mama akaniletea habari kwa simu kwamba ameolewa na fundi seremala wa Kizanzibari, anaitwa Seif, mtu mzima mwenye haya zake, na kwamba huyo fundi ndiye atakayenichukulia viza. Mama aliniambia kwa furaha kwamba jina langu limeandikwa chini ya jina lake. Mimi nililielewa jambo hilo kwa akili yangu ya kitoto: nikaona karatasi, jina la huyo mtu juu, langu chini limening'inia, na nikajua kwamba siku lile la juu likifutwa, langu linaporomoka hadi Mombasa.

Shangazi alinifungia sanduku na kunipa wosia mmoja tu. Katika nyumba ya mume mwingine, alisema, picha ya marehemu haiwekwi hadharani, nisije nikamvunjia mama ndoa yake. Kwa hivyo picha ya baba niliitia ndani ya daftari la hesabu, daftari nikalitia ndani ya mkoba wa shule, na mkoba haukutoka mgongoni mwangu ila wakati wa kulala. Pembe za picha zilianza kukunjika.

Tulikaa International City, chumba kimoja na sebule. Pembe ya sebule ilikuwa yangu, na kitanda na pazia la maua. Ami Seif, hivyo ndivyo nilivyoambiwa nimwite, alikuwa mrefu, mpole, na unga wa mbao ulikuwa hautoki kwenye nyusi zake hata akikoga mara mbili. Aliniita bibie. Mimi nilimjibu ndiyo Ami, hapana Ami, ahsante Ami, basi. Sitasema nilimchukia. Nilimwonea kijicho. Mama alikuwa akivicheka vichekesho vyake vyote, hata vile visivyochekesha, na mimi nilikuwa nimeusubiri ule mcheko miaka mitatu.

Likizo ya kiangazi ilipoingia, jirani aliyekuwa akiniangalia alirudi kwao, na mama alikuwa na zamu ya mchana. Siku mbili nilifungiwa ndani na televisheni. Siku ya tatu Ami Seif alisema mbele ya chai kwamba huko anakofunga makabati mna kivuli na mna choo, na mwenye nyumba ni mama wa watu, hatakataa. Nikapandishwa katika pikapu ya karakana yao ya Ras Al Khor, katikati yake na Wekesa, kijana wa Bungoma aliyekuwa mkata mbao wake. Wekesa alinipa nusu ya chapati yake siku ile ya kwanza na akaniita inspekta.

Nyumba yenyewe ilikuwa villa mpya. Mwenyewe tulimwita Madam tu. Aliniwekea kiti cha plastiki chumba cha kulia chakula, akaniletea juisi ya embe, na akaenda zake. Kutoka kwenye kiti kile nililiona jiko lote, na nilimwona Ami Seif akifanya kazi kwa mara ya kwanza.

Alianza na kuta. Alizipapasa kwa kiganja, akaweka pimamaji, akaning'iniza timazi, kila mara akitoa mlio mdogo kwa ulimi. Nyumba ile, na uzuri wake wote wa nje, haikuwa na pembe hata moja iliyotimia. Kuta zilitumbukia katikati, sakafu iliteremka kuelekea dirishani. Nilitaraji atakasirika. Badala yake akakaa chini na kuanza kuchonga kabari, nyingine nyembamba kama ganda la kitunguu, akazichomeka chini ya makabati moja moja mpaka kiputo cha pimamaji kikatulia katikati.

Lakini kilichonishughulisha kilikuja baada ya hapo. Kila kabati la mwisho lilipofika ukutani palibaki nafasi, na nafasi ile huzibwa kwa ubao mwembamba uliosimama. Ami Seif aliusimamisha ubao karibu na ukuta, akatoa mfukoni washa, ile pete bapa ya chuma inayokaa chini ya kichwa cha boliti, akatia ncha ya penseli katika tundu lake, na akaibingirisha pete ile ukutani kutoka juu hadi chini. Penseli ikaacha mstari kwenye ubao. Na mstari wenyewe, nakwambieni, ulikuwa wa aibu. Ulitumbukia, ukafura, ukayumba. Kisha Wekesa akaubeba ubao ule mzuri wa mwaloni, uliokuwa umenyooka tangu dukani, akaukata kwa kufuata ule upuuzi.

Mnapaswa kujua kwamba mwaka ule shuleni sikuwa na sifa yoyote isipokuwa moja. Kiingereza kilinishinda, Kiarabu kilinishinda zaidi, ila mistari yangu ya pambizoni ilikuwa imenyooka kiasi kwamba mwalimu aliwahi kulinyanyua daftari langu darasa zima likalitazama. Mstari ulionyooka ndiyo heshima pekee niliyokuwa nayo Dubai nzima. Na huyu hapa mtu mzima, fundi, anapinda.

Halafu nikaona jambo jingine. Kila alipochukua ubao kuukagua, aliuinua mpaka usawa wa pua na kulifumba jicho la kushoto. Kila ubao, kila mara. Nyumbani alikuwa anasomea miwani aliyoinunua kituo cha mafuta. Nikajumlisha mambo hayo mawili na ile mistari, na jibu likaja lenyewe: Ami Seif ana jicho moja bovu, linaendelea kuharibika, naye anaficha.

Na alikuwa na sababu ya kuficha. Nilimsikia akimwambia mama kwamba arbab, mwenye karakana, atakuja Jumamosi kuliona jiko lile kabla ya kuamua nani anasainiwa mkataba mpya na nani anarudishwa kwao. Mama aliweka kikombe chini na kusema inshallah, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Usiku ule sikulala vizuri. Niliiona ile karatasi, jina la juu linafutwa. Sikuwa namlilia Ami Seif, niseme kweli. Nilikuwa nimempata mama kwa miezi minne tu, na sikuwa tayari kumrudisha.

Alhamisi ulibaki ubao mmoja, mrefu kuliko yote, wa pembe ya dirishani. Ulikuwa upana wa shibiri, na ulikuwa kipande cha mwisho cha mwaloni ule. Ami Seif aliuchora, akaulaza juu ya meza za msumeno uani chini ya turubai, akaenda msikitini kuswali adhuhuri. Wekesa alikuwa kwenye pikapu anakula. Mimi nikatoka na mkoba wangu.

Nilifuta mstari wote kwa raba yangu ya waridi, ile yenye harufu ya stroberi. Nilifuta polepole nisichafue. Kisha nikaichukua pimamaji ndefu ya alumini, nikaiweka juu ya ubao, nikaikalia kwa goti isiteleze, na nikachora mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kuchora mstari mzuri kama ule tena maishani. Nikarudi kwenye kiti changu, nikijua kwamba nimetuokoa sote watatu.

Wekesa akamaliza kula, akawasha msumeno, akakata. Ami Seif aliporudi aliuchukua ubao, akauingiza mahali pake, nami nikakaa wima ili nione vizuri. Nilikuwa nasubiri atabasamu.

Ubao uligusa ukuta juu na ukagusa chini. Katikati palikaa pengo la kidole kizima, na mwanga wa dirisha ukapita humo mpaka kwenye sakafu.

Madam alikuwa ameingia na binti yake kuja kuangalia, akasimama mlangoni na mkono mdomoni. Hata yeye asiyejua msumeno aliliona. Wekesa akaanza kutikisa kichwa. "Mzae, mimi nimekata vile uliniachia," alisema. "Line ilikuwa straight, nikajua labda hapo ukuta uko sawa."

Ami Seif aliutoa ubao, akauinua usawa wa pua, akafumba lile jicho lake la kushoto, na kutazama. Kisha akaulaza, akapitisha kidole juu yake. Kidole kilibeba vichembe viwili vya waridi. Akavinusa.

Madam aliuliza nani amefanya hivi. Nilimtazama Wekesa, na Wekesa alikuwa anajitazama viatu. Ami Seif akamjibu kwa ule mchanganyiko wake wa Kiingereza na Kiarabu kwamba kosa ni lake yeye, mstari ni wake, na jiko litakuwa tayari Jumamosi. Madam alikunja uso, akasema yalla, atamwambia arbab mwenyewe aje mapema siku hiyo, akaondoka.

Ndipo Ami Seif akaja kwenye kiti changu, akachutama. "Bibie," alisema, "nipe raba yako niione."

Nilivuta raba, na daftari la hesabu likatoka nayo, likaanguka wazi sakafuni, na picha ya baba ikatoka na kulala kifudifudi kwenye unga wa mbao. Nilihisi nimekufa. Makosa mawili kwa dakika moja, na la pili ndilo kubwa. Ami Seif akaiokota. Akaipangusa kwa upindo wa shati, akaitazama kidogo, akazinyoosha pembe zilizokunjika kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akairudisha ndani ya daftari na kulifunga. Raba hata hakuichukua.

Jioni, tulipokwisha kumshusha Wekesa, tukabaki wawili ndani ya pikapu. Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza mpaka nyumbani, lakini tulipofika kwenye foleni ya taa maneno yakatoka yenyewe. Nilimwambia kwamba najua jicho lake ni bovu, kwamba sikumwambia mtu, wala mama, na kwamba nilitaka arbab akija aone mistari iliyonyooka ili asijue.

Taa iliwaka kijani. Gari la nyuma likapiga honi, naye hakuondoka.

"Kumbe ulikuwa wanisitiri," alisema.

"Ndiyo, Ami."

"Na mie nikirudishwa, wewe waenda wapi?"

"Kwa shangazi."

Alivua kofia akajifuta uso nayo, akaivaa tena. Kisha akaondoa gari. Hakuniambia kwamba hakuna atakayerudishwa, na mpaka leo namshukuru kwa hilo, maana nisingemwamini. Alisema tu kwamba kesho baada ya sala ya Ijumaa nitafuatana naye, na nichukue penseli yangu ile nzuri.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya kupumzika. Ya Wekesa pia, ila tulimkuta ameshafika, amevaa fulana ya mpira, akaniuliza kama leo fundi mkuu ataruhusu watu wengine nao washike penseli. Nilistahili. Ami Seif alikwenda moja kwa moja nyuma ya friji, akafungua skrubu, akautoa ubavu wa kabati uliofichika huko. Ulikuwa mwaloni uleule. Mahali pake akaweka ubao wa kawaida, ambao hakuna jicho litakaloufikia mpaka friji ife.

Kabla ya kuchora aliuinua ubao, akaushusha usawa wa pua yangu. "Fumba jicho moja," alisema. Nikafumba. "Haya, tazama ukingo wake, kama watazama njia." Nikatazama. Ubao niliodhani umenyooka ulikuwa na tumbo dogo karibu na mwisho, dogo kuliko ukucha, na nililiona waziwazi. Nikafumbua jicho la pili, tumbo likapotea. Nikafumba tena, likarudi. Nadhani nilirudia mara kumi. Aibu ilinipanda kutoka miguuni, na pamoja nayo furaha, kwa sababu jicho lake lilikuwa zima.

Kisha akanipa washa. Ilikuwa ya moto kutokana na mfuko wake. Nilitia penseli yangu katika tundu, nikapanda ngazi vidato vitatu, na yeye akakishika kiwiko changu kwa chini, asikisukume wala kukivuta. Mkono wangu ulitaka kunyooka. Kila ukuta ulipotumbukia mimi nilitaka kuruka pale na kwenda zangu.

"Usiusahihishe," alisema. "Ukuta ushakuwa hivyo. Ufuate tu, taratibu, mpaka chini."

Niliufuata mpaka chini. Mstari ulikuwa mbaya kuliko wowote niliowahi kuuchora. Wekesa akaukata, Ami Seif akaupitishia randa mara mbili, na ubao ukaingia mahali pake kwa mlio mdogo, kisha ukaonekana kama uliota hapo. Alichukua karatasi ya risiti, akajaribu kuipitisha kati ya ubao na ukuta, juu, katikati, chini. Haikupita popote. Wekesa akanibeba begani tukazunguka jiko lote. Ami Seif alikuwa anafagia, na nilimwona anatabasamu mwenyewe kule chini.

Jumamosi sikwenda, mama alikuwa na mapumziko. Tulikaa wawili tunachambua mchele usio na mawe, tukiutazama mlango. Ami Seif aliporudi alituambia kwamba arbab alipitisha ukucha kwenye maungo yote, na kwamba yeye mwenyewe alimpeleka nyuma ya friji akamwonyesha ule ubao wa kawaida kabla hajaulizwa. Arbab alitazama, akatazama tena ile pembe ya dirishani, akasema Jumatatu aje na pasipoti asaini mkataba. Mama aliinama juu ya sinia ya mchele, akabaki hivyo muda mrefu. Mimi nilikwenda nyuma ya pazia langu la maua nikalia, na sikujua kwa nini nalia wakati mambo yamekwenda vizuri.

Ubao niliouharibu Ami Seif aliuleta nyumbani. Aliukata urefu wa kitanda changu, akapiga ukutani kipande cha mbao cha kuubebea, akauweka juu yake, rafu yangu ya kwanza. Ukuta wa International City nao ulikuwa umetumbukia katikati, kwa hivyo lile pengo likarudi. Nilipoliona nilikimbilia mfuko wake wa kazi nikamletea washa na penseli. Nilitaka turekebishe. Nilikuwa sasa nimejua njia.

Alizipokea, akazitia mfukoni. "Huu tuuache," alisema. "Kalete ile picha ya baba yako. Humo mkobani inakunjika."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa ameshika mlango wa jikoni, macho yamemjaa. Nikaitoa picha kwenye daftari la hesabu. Ami Seif akaiteremsha ndani ya pengo, ikasimama juu ya kile kipande cha kubebea, imeegemea ukuta, baba anatazama sebuleni kuanzia kifua kwenda juu. Akarudi nyuma hatua moja, akafumba jicho moja, akaisogeza kidogo ikae wima.

Sikuwahi kumwita baba, wala hakuwahi kuniomba. Alibaki Ami mpaka mwisho. Mwaka jana alifariki kwao Unguja, macho yake yote mawili mazima, na mama alinipa nichague kitu kimoja katika vifaa vyake. Nikachukua washa. Ubao nilikuwa nao tayari, nimehama nao mara tatu, na katika kila nyumba ukuta ni mbovu kwa namna yake na pengo linahamia mahali pengine. Hapa Mankhool liko upande wa kulia.

Yule kijana wa silikoni aliurudisha mrija wake mfukoni, akaniuliza, kwa adabu, sasa pengo lote hili la nini. Nilifuta mikono, nikaenda kufungua sanduku. Niliiteremsha picha ya baba kwanza, kisha nikaiteremsha ya Ami Seif kando yake, nikafumba jicho moja. Pengo la kidole kimoja, na wameenea wote wawili.